Bura Si Ng'ambo

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa amepokea barua ya kupelekwa kufundisha Bura katika Kaunti ya Tana River, alinijia nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Hakuniuliza shule yenyewe ina wanafunzi wangapi, wala hakutaka kujua kama kuna nyumba ya walimu. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mwalimu, kuingia huko kunahitaji nini?"

Aliuliza kama mtu anayejiandaa kwenda nchi ya mbali, ambako lazima awe na viza, achanjwe, abadilishe fedha na kuwaaga wazazi. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Nilitambua kwamba kijana huyo hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa akirudia tu yale aliyofunzwa na nchi yake tangu alipokuwa mtoto. Tumelilea taifa zima likiamini kwamba ipo Kenya, na kwamba mbele ya Kenya, baada ya mji fulani na kizuizi fulani cha barabarani, kuna mahali pengine ambako Mkenya huingia kama mgeni na hutoka kama mtuhumiwa. Ndilo jambo ambalo ningependa kulijadili leo na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wetu.

Kabla ya hapo, ni haki msomaji apewe majibu ya swali lenyewe. Kwanza ajue anakwenda Bura ipi, kwa maana ziko tatu. Iko Bura ya Taita, inayojulikana kwa misheni yake ya Kikatoliki na shule zake. Iko Bura ya upande wa Garissa, mashariki ya Mto Tana, katika eneo la Fafi. Na iko Bura hii ninayoizungumzia, iliyo magharibi ya mto huo huo, katika Kaunti ya Tana River. Asiyeuliza vizuri anaweza kujikuta milimani Taita hali barua yake inamtaka nyikani Tana.

Pili, ajue njia. Anayetoka Nairobi hupita Thika na Mwingi hadi Madogo, ukingoni mwa Tana, mwendo wa karibu kilomita 370. Hapo havuki daraja la kuingia Garissa, bali hushika barabara ya kusini inayoandamana na mto, akapita Nanigi na kufika Bura. Anayetoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Hola, kisha akapanda kaskazini. Mabasi na matatu ziko. Akishafika, atatembea kwa bodaboda, na akitaka kuvuka mto atapanda mtumbwi, naye amsikilize mwenye mtumbwi kwa makini, kwa sababu yeye ndiye ajuaye mamba na viboko wamelala wapi siku hiyo. Asafiri asubuhi, achukue maji ya kutosha, asisahau chandarua. Awe na gurudumu la akiba ikiwa ana gari lake, kwa kuwa mwiba wa mathenge hauna heshima kwa mpira wowote. Akute watu wakiongea Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kimunyoyaya, na wote wakimjibu kwa Kiswahili. Basi! Hayo ndiyo masharti ya Bura yenyewe, na hakuna hata moja kati yake linalomshinda mwalimu mwenye afya.

Masharti mazito si ya Bura. Ni ya barabarani, na humwangukia zaidi anayetoka kuliko anayeingia.

Mgeni kutoka Ulaya au Marekani anayetaka kuitembelea Kenya alirahisishiwa mambo. Tangu Januari 2024 viza iliondolewa, na mahali pake ikawekwa idhini ya usafiri ya kielektroniki. Mtu hujaza maombi akiwa sebuleni kwake, hulipa dola 30, husubiri siku chache, kisha hupanda ndege. Mwaka 2025 serikali iliwaondolea hata sharti hilo raia wa nchi nyingi za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya. Sina ugomvi na ukarimu huo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali langu ni jepesi: mwenyeji mwenyewe amepona?

Nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu. Nilikuwa ndani ya basi lililotoka upande wa Tana kuelekea bara. Kando yangu aliketi kijana aliyemaliza kidato cha nne, akienda kuripoti chuoni. Alikuwa ameikunja barua yake ya kujiunga na chuo ndani ya mfuko wa plastiki, na kila baada ya muda aliipapasa kuhakikisha iko. Tulifika kwenye kizuizi kimoja. Askari alipanda, akatazama nyuso kabla ya kutazama karatasi. Mimi, ambaye sura na lafudhi yangu ni za bara, sikuulizwa chochote. Kitambulisho changu kilibaki mfukoni. Kijana aliulizwa.

"Afande, nilijiandikisha, bado sijapewa kitambulisho. Hii hapa karatasi ya kungojea. Na hiki cheti cha kuzaliwa. Na hii barua ya chuo," alisema, akizitoa moja baada ya nyingine kwa mikono miwili.

Aliambiwa ateremke pamoja na wengine wanne. Wakapangwa kivulini. Dereva alingoja kwa muda, abiria wakaanza kunung'unika kwamba wanacheleweshwa, na mwishowe gari likang'oa nanga. Wawili kati ya watano walikuwa wamerudi. Yule kijana hakuwa miongoni mwao. Kiti chake kilibaki kitupu hadi mwisho wa safari, na mimi, mwalimu wa miaka mingi ninayewafunza watoto wa wenzangu juu ya haki na wajibu wa raia, nilikaa kimya kando ya kiti hicho kilomita zote zilizosalia. Sijui kama alifika chuoni. Najua tu kwamba sikunyanyua hata mkono kumwambia askari kuwa barua ile nilikuwa nimeisoma.

Jambo hili halikuanza jana. Tangu mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kufunga wilaya za mbali, na kwa sheria hiyo Mkoa wa Mpaka wa Kaskazini uligeuzwa kuwa nchi ya kuingiwa na kutokwa kwa kibali maalumu. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, ambayo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza iliwavika shingoni kile kikebe cha chuma chenye karatasi ya alama za vidole. Watu walikiita kipande. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1922, na damu ikamwagika Nairobi. Kikebe kilikwisha, lakini neno lilibaki: hadi leo Mkenya anayeulizwa kitambulisho huambiwa, "Lete kipande." Nadhani lugha haisahau upesi kama wanavyosahau wanasiasa.

Tana yenyewe ilitumiwa na wakoloni kama jela ambayo ukuta wake ni umbali. Wafungwa wa Mau Mau walioitwa sugu walipelekwa Hola kwa kuwa Hola ilikuwa mbali na macho ya watu. Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipigwa wakafa huko. Kwanza wakasingiziwa maji ya kunywa, hadi ukweli ulipofichuka na kulitikisa Bunge la Uingereza. Mwanafunzi anayesoma habari hizo katika kitabu cha historia ajue kwamba Hola si jina la kitabuni tu. Iko katika barabara ile ile ya kwenda Bura, nayo leo ndiyo makao makuu ya kaunti.

Uhuru ulipokuja, mtu angetaraji kwamba minyororo hiyo ingekatwa. Haikukatwa. Vita vya Shifta vilipozuka, serikali iliweka kanuni za hali ya hatari, na mwaka 1966 kanuni hizo zilizihusu Mkoa wa Kaskazini Mashariki pamoja na wilaya zilizopakana nao, Tana River ikiwa mojawapo. Kanuni hizo zilifutwa mwaka 1991, miaka 28 baada ya bendera ya Uhuru kupandishwa. Miaka miwili kabla ya kufutwa, yaani Novemba 1989, Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa wajiandikishe upya ili wathibitishe uraia wao, wakapewa kadi ya rangi ya waridi waibebe pamoja na kitambulisho. Kwa hiyo mtoto wa nyika alikua akijua kwamba karatasi moja humtosha Mkenya mwingine, ila yeye huhitaji mbili.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba vizuizi vyote ni uonevu. Wanaoikumbuka miaka ya 1990 wanajua mabasi ya Garsen, Hola na Lamu yalivyosafiri kwa misafara, askari wenye bunduki wakiwa ndani, kwa sababu majambazi walikuwa wakivizia barabarani. Tunajua yaliyotokea Novemba 2014, basi lililotoka Mandera liliposimamishwa na watu 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Tunajua ya Aprili 2, 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliangamia, wengi wao wanafunzi. Na mwaka 2012, katika Delta ya Tana, Wapokomo na Waorma, majirani wa karne nyingi, walichinjana kwa ajili ya maji na malisho. Mwalimu kijana anayeiogopa safari hii hana haya ya kuona kwa hofu yake. Askari anayesimama juani kukagua magari analinda roho zetu.

Lakini ukaguzi ni jambo moja, na ubaguzi ni jambo jingine. Ukaguzi huuliza, "Una nini?" Ubaguzi huuliza, "Wewe ni nani wa kutoka huko?" Kizuizi kinachomwacha mwenye sura ya bara apite bila kuulizwa, kisha kikamteremsha mwanafunzi mwenye barua ya chuo, hakijalinda lolote. Mhalifu mwenye fedha hatakosa karatasi. Atakayezikosa ni maskini mkweli. Na kila kijana anayeachwa kando ya barabara huondoka na funzo ambalo hakuna mwalimu awezaye kulifuta ubaoni.

Katiba ya mwaka 2010 haina utata katika jambo hili. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote nchini Kenya. Kifungu cha 12 kinasema kila raia anastahili kupewa stakabadhi za uandikishaji. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kuondolewa kwa ule msasa wa ziada ambao vijana wa maeneo ya mpakani walikuwa wakipitishwa kabla ya kupata vitambulisho. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, tangazo si kitambulisho. Kijana hawezi kumwonyesha afande gazeti lililoandika hotuba.

Sharti la pili linalomkwaza msafiri wa Tana ni barabara yenyewe. Mto ule ni baba na ni adui. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliikata nchi ile vipande vipande. Robo karne baadaye, mwishoni mwa 2023, maji yaliifunika tena barabara karibu na Madogo, na abiria wakawa wanavushwa kwa mashua mahali pa kupita mabasi. Aprili 2024 boti moja ilipinduka papo hapo, na watu wakafa maji. Walikuwa wasafiri wa kawaida wanaofuata barabara kuu ya taifa. Nchi ambayo mtu hufa maji akiwa barabarani haiwezi kusema kwamba Bura iko mbali. Bura haijasogea hata hatua moja. Sisi ndio tulioacha njia iliwe na mto, kisha tukaulaumu umbali.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Bura ndiyo mahali pa mwisho panapostahili kuitwa ugenini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, iliamua kufungua hapo mradi mkubwa wa kunyunyizia mashamba maji ya Tana. Familia zisizo na ardhi zililetwa kutoka pembe zote za Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikapewa vishamba vya pamba na mahindi. Mradi ulikusudiwa kuwa na hekta 6,700, lakini sehemu kubwa ya ndoto hiyo haikutimia. Pampu za Nanigi zilikuwa ghali kuziendesha, maji yakakatika, na wengi wakaingia katika dhiki. Hata ule mti wa mathenge ulipandwa wakati huo ili uwe kuni za walowezi, nao ukageuka kero ya mifereji na mifugo. Makosa yalikuwa mengi. Hata hivyo Mkikuyu, Mkamba, Mluo, Mluhya na Mmijikenda walikaa wakazaa, na watoto wao walisoma darasa moja na wana wa Waorma na Wapokomo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bura ilimpa kila mgeni jembe. Ni miji mingapi yetu inayojiita ya kistaarabu imefanya hivyo?

Na liko la kukumbusha kila mwanafunzi anayesimama mbele ya bendera asubuhi. Sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitokana na wimbo ambao akina mama wa Kipokomo waliubembelezea watoto wao kandokando ya Mto Tana. Kwa hiyo kila siku ya gwaride, kuanzia Kisumu hadi Kwale, taifa zima huimba kwa sauti ya Tana. Iweje basi sauti ya watu wale iingie katika kila shule bila kipande, ila mtoto wao ateremshwe garini?

Kwa maoni yangu, yako mambo manne yanayoweza kufanyika bila kungoja muujiza. Kwanza, maafisa wa uandikishaji waende shuleni. Mwanafunzi anayetimiza miaka 18 akiwa kidato cha nne aandikishwe hapo hapo, mwalimu mkuu na chifu wakiwa mashahidi, ili atoke shuleni akiwa na cheti na kitambulisho. Kijana asiye nacho hawezi kuomba mkopo wa masomo, hawezi kufungua akaunti ya benki, wala hawezi kupiga kura. Pili, kizuizini kiwe na sheria moja: ama waulizwe wote, ama wachaguliwe kwa sababu inayoelezeka, na anayeteremshwa aandikwe daftarini pamoja na sababu na saa. Askari mwema hataliogopa daftari.

Tatu, barabara ya Tana itengenezwe kwa kuuheshimu mto, kwa madaraja na tuta zilizoinuka, badala ya kuzibwa viraka kila baada ya gharika. Nne, na hili ni letu sisi walimu, tupunguze ziara zinazokwenda kila mwaka kwenye hoteli na maduka ya miji mikubwa, tuwapeleke wanafunzi Tana. Wakaone msitu wa mtoni ambamo wanaishi mbega mwekundu wa Tana na nyani wa jamii ya mangabe wasiopatikana kwingineko duniani, waliotengewa hifadhi tangu 1976. Wakasimame Hola. Wakazungumze na mlowezi mzee awaeleze ndoto ya pamba ilivyoanza na ilivyovunjika. Nao wanafunzi wa Bura waalikwe Nyeri, Kakamega na Mombasa, walale katika mabweni yetu. Watoto waliokula sahani moja hawaulizani vipande ukubwani.

Najua wako watakaosema kwamba ziara ni gharama na usalama hautabiriki. Ni kweli. Safari ya aina hiyo yafaa ipangwe na wenyeji, kwa kushauriana na polisi na uongozi wa kaunti, na ikiahirishwa kwa sababu ya hatari au mafuriko, iahirishwe. Ila isifutwe katika fikira zetu. Hofu isiyopimwa ndiyo iliyochora mpaka ambao haumo katika ramani yoyote ya Kenya.

Yule mwalimu kijana nilimwambia achukue barua yake, kitambulisho, chandarua, maji na moyo mkunjufu. Kisha nikamwongezea sharti moja ambalo hakulitaraji. Nilimwambia: "Siku utakapopanda basi la kurudi likizo, na mwanafunzi wako akateremshwa kizuizini, usikae kimya kama nilivyokaa mimi. Simama, useme kwa adabu: Afande, huyu namjua, ni mwanafunzi wangu." Aliitikia kwa kichwa, akaondoka.

Yu huko hadi sasa. Nami nangoja kufunguliwa kwa likizo nikamtembelee, kwa maana Bura si ng'ambo.